Uso wa Marehemu Getini

Mahakama ilikuwa imeshaandika kwamba Gergina Tsolova hapatikani. Inspekta Zlatina Dureva alimpata kwa kusukuma geti na kuzunguka nyumba. Bibi alikuwa uani, ameinamia bati juu ya moto, anachoma pilipili hoho. Oktoba ile kijiji kizima cha Dolna Vrana kilinukia hoho za kuchoma, na yeye alikuwa anafanya waliyokuwa wanafanya wenzake wote, vidole vyeusi kwa masizi, redio ikipiga kelele kwenye dirisha la jiko la nje.

"Wewe ndiye Gergina Tsolova?"

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikio hili limekwisha, na hili jingine linaelekea huko huko."

"Gergina Tsolova!"

"Ndiye mimi. Na kama umetoka mahakamani kuja kuniambia tena kwamba sipo, ngoja kwanza nikae."

Sajini Ognyan aliyekuwa nyuma akacheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. Zlatina hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa amelisoma jalada usiku kucha na lilimkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Gergina alifiwa na mumewe, Marin, akabaki peke yake na nyumba. Borimir, mtoto wa mdogo wake Marin, akaja na mkataba ambao wazee wengi wa pande zile wanausaini: nyumba iwe yako, nawe unitunze mpaka nife. Bibi akasaini. Saini ikakauka, matunzo hayakuonekana, hata gunia la makaa hakuletewa. Akaenda mahakamani kuomba mkataba uvunjwe, bila wakili, maana pensheni yake haikutosha hata kumsalimia wakili, na madai akayaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakimu akajibu kwamba kuna cheti kimoja kimepungua, akilete. Jibu hilo halikumfikia. Tarishi wa mahakama aliripoti kwamba alifika mara tatu hakumkuta, akaambiwa na jirani kuwa mama huyo yuko Italia kwa binti yake, akabandika taarifa getini kama sheria inavyotaka. Kwa sheria ya huko, kilichobandikwa kimepokelewa. Muda ukapita, cheti hakikuja, hakimu akaifuta kesi.

Jumatatu bibi akapanda basi kwenda kuuliza tarehe ya kusikilizwa. Karani wa dirishani akamwambia kwamba kesi imefutwa kwa sababu yeye hapatikani. Akamwambia hivyo akimtazama usoni. Bibi akatoka pale moja kwa moja mpaka polisi, akasema tarishi amesema uongo.

Alikuwa na mpaka Ijumaa kuomba kesi ifufuliwe, na ili ifufuliwe ilibidi aonyeshe kwa nini hakuijua ile taarifa. Neno lake tupu lisingetosha. Kesi ikiwa hai, nyumba haiuziki. Ikishakufa kabisa, Borimir anauza, na mnunuzi alikuwa ameshakuja kupima ua kwa hatua. Leo ilikuwa Jumatano.

"Septemba ulikwenda Italia?" Zlatina aliuliza, sauti juu.

"Nilikwenda mwaka juzi. Nikaona binti yangu anavyowatawaza wazee wa watu, nikarudi kulia kwangu."

"Na karatasi ya mahakama hukuiona getini?"

"Mwanangu, geti hilo nalipita kila asubuhi. Namuona Marin wangu tu."

Hapo akaingia mwanamke mwingine kwa upenyo wa uzio, hakubisha hodi, birika la kahawa mkononi na kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Aliingia kama mtu anayehama chumba kimoja kwenda kingine cha nyumba yake.

"Huyu ni Penka," alisema Gergina. "Shoga yangu. Tumeolewa mwaka mmoja, milango imetazamana hivi."

"Afande, mwenzangu ametendewa unyama!" Penka alianza kabla hajaketi. "Yule tarishi ni mlevi. Hata kwenye gari hashuki. Karatasi gani alibandika? Kabandika kwenye chupa yake huyo!"

"Ulimuona?"

"Nimuone wapi? Kijiji kizima kinamjua." Akamimina kahawa, kikombe cha kwanza akampa Gergina, akamwekea sukari bila kuuliza kiasi gani. "Kunywa, shoga, usijitie presha."

Walipotoka, Zlatina alisimama getini. Marin Tsolov alikuwa pale mara nne. Kwenye miji na vijiji vya kule mtu akifa hutangazwa kwa karatasi yenye picha yake na ukingo mweusi, inabandikwa mlangoni kwake: ya kifo, halafu ya arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka. Haziondolewi. Jua na mvua ndivyo huziondoa, vikitaka. Tanzia zote nne zilikuwa na picha ile ile, mzee mwenye kofia ya manyoya na jicho moja dogo kuliko jingine. Ya nne, ya mwaka, ilikuwa bado mpya.

Gergina aliyewasindikiza akaigusa ile mpya kwa vidole viwili, kisha akavibusu vile vidole.

"Hii kanibandikia Penka. Kijiji chote anakibandika yeye, vijana wenye kazi hiyo hawapo tena. Nilimwambia umewahi, shoga, mwaka haujatimia. Akasema mvua zikianza gundi haitashika. Basi, nikaona kheri."

"Kheri," alisema Zlatina, akapanda gari. Akili yake ilikuwa kwa tarishi.

*

Asparuh Genov, tarishi, alipatikana kwenye chumba cha chini mahakamani, katikati ya mafurushi ya samansi. Mezani hapakuwa na chupa. Palikuwa na kikombe cha chai ya maua, maana tumbo lake lilikuwa na vidonda na daktari alishamkataza hata siki.

"Unanukia maua, mlevi wewe," alisema Ognyan.

"Nani kasema mimi mlevi?"

"Kijiji kizima," Zlatina alijibu. "Kijiji kizima kwa mdomo wa mtu mmoja. Kaa. Ulifika Dolna Vrana?"

"Nilifika, afande. Mara tatu, na moja Jumamosi kama inavyotakiwa."

"Uliingia uani?"

Asparuh akakuna shingo. "Niliita kutoka getini."

"Uliita. Mwanamke kiziwi, yuko nyuma ya nyumba na redio imefunguliwa mpaka mwisho, wewe ukaita kutoka barabarani."

"Nitajuaje kuwa ni kiziwi? Mahakama haiandiki hivyo kwenye samansi! Na jirani kanambia yuko Italia."

"Jirani gani? Jina?"

"Mwanamke. Mtu mzima. Ana kitambaa kichwani."

"Asparuh, Dolna Vrana mbuzi peke yao ndio hawana vitambaa kichwani. Sheria inakutaka uandike jina."

"Najua inachotaka." Uso ulikuwa umemshuka. "Afande, tulikuwa matarishi sita, tumebaki wawili. Vijiji ni vile vile. Nikikaa kila geti kuuliza jina na kunywa kahawa, nitarudi lini? Lakini kubandika nilibandika. Hilo usinizulie. Picha ninayo."

Akatoa simu na kuipekua kwa kidole cha shahada mpaka akaipata. Ilikuwa picha ya geti la mbao. Kwenye ubao wa kati, chini kidogo ya kiatu cha farasi kilichopigiliwa msumari, ilikuwepo karatasi nyeupe yenye muhuri wa mahakama, imekaa sawasawa. Pembeni, upande wa kushoto, Marin Tsolov alikuwa anamtazama mpiga picha.

Kwa hiyo tarishi alikuwa mvivu, lakini hakuwa mwongo. Karatasi ilikuwepo. Kuna mkono uliiondoa, na Zlatina hakuhitaji kufikiri sana mkono huo ni wa nani.

*

Borimir Tsolov waliyemwita Boro walimkuta kwenye uwanja wake wa nafaka, amesimama kando ya mashine mpya ya kuvunia ambayo bado ilikuwa na nailoni kwenye kiti. Alikuwa na shingo nene na tabasamu la mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Mama mkubwa kanishtaki tena? Mwacheni azeeke kwa amani, jamani."

"Anazeekea kwenye nyumba unayoiuza," alisema Zlatina. "Taarifa ya mahakama uliing'oa lini?"

"Taarifa gani?"

Akamwonyesha tarehe. Boro akacheka mpaka akashika tumbo.

"Wiki hiyo nilikuwa Ujerumani kuinunua hii," akaupiga mgongo wa mashine kama mtu anayesifia ng'ombe, "mimi na mke wangu. Risiti hizo, hoteli hiyo, piga simu uwaulize. Kama karatasi ilikuwepo na sasa haipo, mkamateni upepo."

Ognyan akajitenga na kupiga simu. Aliporudi alitikisa kichwa. Ilikuwa kweli, wote wawili walikuwa Ujerumani.

"Umeona?" alisema Boro. "Halafu wananiita mnyang'anyi. Nusu ya kijiji hiki wamesaini na mimi, afande, na hawalalamiki. Muulizeni Penka, jirani yake hapo hapo. Kuni napeleka, dawa napeleka. Yeye haendi mahakamani kunitukana."

"Penka naye kakupa nyumba?"

"Kanipa kwa hiari yake. Ana akili yule."

Zlatina alitembea hadi kwenye gari, akaingia, akakaa bila kuwasha injini.

"Sajini, nani alitwambia kwamba tarishi hashuki kwenye gari?"

"Penka."

"Na akasema hakumuona."

"Ndiyo." Ognyan akageuka taratibu. "Lakini afande, yule? Anamwekea mwenzake sukari!"

"Nipe ile picha ya Asparuh."

*

Alhamisi asubuhi walirudi getini kwa Gergina. Usiku ilikuwa imenyesha, na konokono walikuwa wamepanda geti. Wawili walikuwa kwenye tanzia ya mwaka, pembeni kabisa mwa karatasi, wanaitafuna polepole. Zlatina aliinama. Kwenye tanzia tatu za zamani hapakuwa na hata mmoja.

"Wanafuata unga," alisema. "Penka anabandika kwa uji wa ngano, kama bibi yangu. Gundi mpya ndiyo inayoliwa."

Kona ya chini ilishaliwa. Chini ya ukingo mweusi ilichungulia karatasi nyingine, nyeupe, na juu yake kipande cha mstari wa bluu uliopinda kama ukingo wa muhuri. Zlatina akainua simu, akaangalia picha, akaangalia geti. Kiatu cha farasi kilikuwa pale pale. Chini yake, mahali palipokuwa na taarifa ya mahakama, sasa alikuwepo Marin na kofia yake.

"Hakuing'oa," alisema. "Aliifunika. Sajini, bandua."

Ognyan alirudi nyuma hatua moja. "Afande, hapo naomba unisamehe."

"Ni karatasi."

"Ni maiti. Mimi siwezi kuubandua uso wa maiti mlangoni kwake. Mama yangu akisikia, haniingizi ndani."

Zlatina alinyoosha mkono wake mwenyewe. Ulifika kwenye ukingo mweusi, ukasimama. Alikuwa na miaka mingi kazini, alishafungua majeneza kwa amri ya mahakama, lakini mkono ulikataa. Akautazama kwa hasira. Ndipo alipoelewa vizuri jinsi kazi ile ilivyofanywa: karatasi ile ingekaa pale mpaka geti lioze, asiiguse mtu, na mwenye kesi angepita na kuibusu kila asubuhi.

Ilibidi aitwe mwenyewe. Zlatina alimweleza sikioni, pole pole, mara mbili. Gergina alisikiliza akiwa bado ameshika koleo la kugeuzia hoho. Hakuuliza nani. Alikwenda ndani, akarudi na birika linalofuka mvuke.

"Marin, niwie radhi," alimwambia mumewe. "Hawa wana haraka, na mimi nina nyumba."

Akaweka mdomo wa birika karibu na ubao. Uji wa ngano ukalainika. Karatasi ikaanza kujikunja kuanzia kofia, akaishika kwa viganja viwili, akaibandua bila kuichana na kuikunja kama nguo ya mtoto. Chini yake mahakama ya wilaya ilikuwa inamwita Gergina Tsolova, mkazi wa hapo hapo, alete cheti kilichopungua.

Alisoma jina lake kwa kidole. "Nilikuwa naibusu," alisema. "Kila siku. Jamani, nilikuwa naibusu hii!"

Ng'ambo ya uzio kitambaa kilitikisika.

"Penka," Zlatina aliita, "toka. Njoo."

Alikuja. Safari hii hakuwa na birika. Alipiga jicho moja tu getini, akaukunja uso kama mtu aliyeng'ata ndimu.

"Ni wewe uliyemwambia tarishi kwamba yuko Italia."

"Nilidhani..."

"Asubuhi ile ile ulikuwa naye kwenye kahawa. Usinichezee. Boro alikupigia kutoka Ujerumani?"

Penka alikaza fundo la kitambaa chake. Redio ya uani ilikuwa inatangaza bei ya mahindi.

"Alisema karatasi ikija, asiione," Penka akasema mwishowe. "Alisema Gergina akishinda, na wengine watakwenda mahakamani, yeye atafilisika, na mimi atanitunza nani? Mwanangu yuko Uhispania, hata simu hapigi. Miguu yangu hii, afande, kuni siwezi kuzibeba. Nilisaini. Sina tena nyumba ya kumpa mtu mwingine anitunze."

"Kwa nini hukuichana tu?"

Penka akatoa macho. "Nichane karatasi yenye muhuri? Hiyo si jela hiyo! Kubandika tanzia si kosa. Zilishachapwa, zilikuwa kabatini kwangu, Gergina mwenyewe alinipa hela nikazichapishe. Na nikipita na brashi na sufuria watu wanauliza tu nani kafa."

Ognyan alinong'ona kwamba Penka angeichana tu, leo wasingekuwa na kitu mkononi. Zlatina alikuwa ameshalifikiria hilo na lilimtia uchungu zaidi. Wamepona kwa sababu bibi mmoja anaogopa muhuri kuliko anavyoogopa kumdhulumu shoga yake.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Siwezi."

"Penka."

"Majira ya baridi haya yanakuja, afande! Nani ataniletea kuni? Wewe?"

Zlatina alimwamuru Ognyan achukue bisibisi garini. Karatasi isingebanduliwa tena na mtu. Ubao wote ungekwenda mahakamani kama ulivyo, na kiatu cha farasi juu yake, ulinganishwe na picha ya tarishi. Neno la Penka lingesaidia. Bila hilo, ubao ungejisemea wenyewe, na hakimu kama ana macho angeona kwa nini bibi hakuiona taarifa. Kama ana macho. Zlatina alimjua hakimu yule na hakutaka kuahidi.

Skrubu zilikuwa na kutu, zikalia moja baada ya nyingine. Gergina alivua aproni, akazima moto na redio. Ua ukawa kimya kiasi kwamba walisikia hoho zikitoa mvuke kwenye bakuli. Alivaa koti lake la kanisani, akaweka karatasi ya Marin kifuani, ndani ya koti, akaenda kukaa kiti cha nyuma cha gari la polisi. Ubao wakamlazia mapajani, akaukumbatia.

Penka alimfuata mpaka dirishani. "Shoga," alisema. "Shoga, hata neno? Nitukane basi."

Zlatina alidhani bibi hakusikia. Alitaka kuyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa, lakini Gergina alikuwa ameshageuza uso.

"Siku nikifa, Penka, brashi yako isifike getini kwangu."

"Sasa nani atakubandika?" Penka alilia, ameshika mlango wa gari kwa mikono yote miwili. "Tumebaki sisi wawili mtaa mzima! Nani atakubandika, Gergina?"

Gergina aliitoa ile mikono mlangoni, kidole kimoja kimoja, kwa upole, kama alivyoibandua karatasi.

"Basi nisibandikwe," alisema, akafunga mlango.